Jumamosi usiku: Beau Is Afraid ama Hereditary?

Shiro_Roysa
Wadau habari. Jumamosi watu wanakuja kwangu, nimeshalipia projekta ya kukodi 1,500 na shuka nyeupe ya kutundika ukutani iko. Tumebaki na muvi mbili, Beau Is Afraid na Hereditary, zote za mwongozaji Ari Aster. Hiyo ya kwanza naskia watu wamegawanyika vibaya sana, kuna wenye wanaapa ni kazi ya ajabu na kuna wenye walizima katikati. Mimi mwenyewe sijaona hata moja. Niweke gani?

KabatiLaMuvi
Dada hujatuambia kitu. Watu wangapi, mnaanza saa ngapi, wamezoea muvi za aina gani, na kwa nyumba kuna mtoto ama mzee? Beau ni dakika 179, yaani masaa matatu kasoro dakika moja. Hereditary ni masaa mawili na dakika saba. Mkianza saa tatu usiku na Beau mtamaliza saa sita na hao wageni itabidi uwatandikie.
Lakini mimi kura yangu ni Beau.

Nyota_Ngong
Hereditary, na sibadilishi. Ile ina hadithi unaishika mkononi, familia imetoka kuzika nyanya halafu mambo yanaanza kuharibika ndani ya nyumba polepole mpaka unaogopa kuangalia pembe za dari. Beau saa ya kwanza ni moto kabisa, siwezi kudanganya, lakini baada ya hapo inazurura. Joaquin Phoenix, ndiye anaigiza Beau, anagongwa na gari, anawekwa kwa nyumba ya watu hajui, anatoroka, anaingia msituni, anapata kikundi cha maigizo, na mimi hapo msituni nililala. Iligharimu dola milioni 35 na ikarudisha kama milioni 12 peke yake. Watu waliongea kwa mifuko yao.

KabatiLaMuvi
Nyota hiyo ya pesa haisaidii. Hereditary ikitoka 2018, watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore wakitoka tu ukumbini waliipa D+. D+! Leo wewe ndio unaitetea hapa. Na Martin Scorsese mwenyewe, yule mwongozaji mkongwe, aliisifu Beau hadharani.
Halafu pale msituni ulipolala ndipo mimi nililia. Beau anaangalia mchezo wa jukwaani, ghafla yeye ndiye mhusika, anatembea ndani ya michoro, mafuriko yanamtenganisha na watoto wake na anawatafuta mpaka anazeeka. Hiyo sehemu ilichorwa na wasanii wawili kutoka Chile, León na Cociña. Mtu ambaye ameogopa kila kitu maisha yake yote anaonyeshwa maisha ambayo angeishi. Unalalaje?

Nyota_Ngong
Nililala kwa sababu ilikuwa imefika saa saba usiku na bado kulikuwa na zaidi ya saa moja.

Jirani_wa_Pipeline
Mimi niko na Kabati. Watu wanasema hiyo muvi ni ndoto haieleweki, mimi niliielewa kutoka dakika ya kwanza juu nimeishi hapo. Jamaa amepewa dawa mpya, daktari amemsisitizia lazima imezwe na maji, anameza, anafungua mfereji, maji hakuna. Ploti nzima imekatwa maji. Sasa imebidi akimbie duka la ng'ambo kununua chupa na mlango wa chini ameuwekelea kitabu usijifunge, na akiwa pale anahesabu sarafu hazitoshi anaona watu wote wa mtaa wanaingia kwake mmoja mmoja. Na kabla ya hapo usiku jirani anampitishia barua chini ya mlango apunguze muziki na yeye amelala kimya hajawasha kitu. Wadau hiyo hofu ya kuacha mlango dakika tano, nani hapa Nairobi haijui? Mimi kwa mwaka wa kwanza Pipeline nilikuwa narudi ghorofa ya nne mara tatu kuangalia kama nimefunga kufuli, nachelewa kazi, narudi tena.

Mwalimu_Pangani
Naomba niingilie jina. Watu wanamwita Beau muoga na hapo ndipo wanaikosa filamu yote. Muoga anamkimbia nyoka aliyemwona. Mwenye wasiwasi nyoka hayuko, lakini miguu haitulii. Ukienda ukitarajia uoga utachoka, utasema mbona hajitetei.

Nyota_Ngong
Mwalimu, si tunaambiwa wasiwasi ndio akili?

Mwalimu_Pangani
Huo msemo ni wa tahadhari, mtu anayehakikisha gesi imezimwa. Wa Beau haumkingi na chochote. Alikuwa asafiri kwenda kwa mamake, funguo zimeibiwa mlangoni, anampigia, na badala ya kusema ninakuja au siji anamuuliza afanye nini. Mama anamjibu kwamba ana hakika atafanya lililo sawa. Pale nilisimamisha filamu nikatembea kidogo. Ni sentensi ya upole na imemfunga mikono miwili.

Otis_Umoja
Shiro kabla uweke hiyo kitu nisikilize, na naomba usiharakishe.
Mamangu alifariki 2019. Mimi niko Nairobi, nyumbani ni Busia. Pesa ya kusafiri niliipata siku moja kabla ya mazishi, nikapanda basi la usiku, tukapita Nakuru kidogo gari likaharibika, tukakaa kando ya barabara kwa baridi mpaka kukapambazuka na makanga anatuambia fundi yuko njiani, fundi yuko njiani. Nilikuwa napigiwa simu kila nusu saa, umefika wapi, watu wanakungoja, mchungaji anangoja. Baadaye simu zikaacha kuja. Nilipofika walikuwa wanasawazisha udongo. Mimi ndiye kifungua mimba.
Sasa mwaka juzi rafiki ananiita kwake, ananiambia kuna muvi ya kuchekesha imekaa kiajabu ajabu. Hakuniambia kingine. Na hiyo muvi, kwa wale hamjaiona, ni mtu anayejaribu kufika mazishi ya mamake na hafiki. Wakili anampigia simu kumwambia mwili unamngoja yeye peke yake na kila saa anayochelewa anamwaibisha marehemu. Wenzangu wakawa wanacheka. Mimi nilitoka kwa balkoni, moyo unapiga, vidole vimekufa ganzi, nikajua hii ni moyo nimekwisha. Nilikaa kwa sakafu kama dakika arubaini hakuna mtu alikuja kuangalia. Nilikosa usingizi karibu miezi miwili mpaka nikaanza kuona mshauri, na ndio mara ya kwanza nilimwambia mtu kuhusu lile basi.
Sisemi ni muvi mbaya. Aliyeitengeneza anajua anachoongea. Lakini mtu aambiwe kwanza.

Jirani_wa_Pipeline
Otis pole sana ndugu yangu. Pole ya mama pia.

Nyota_Ngong
Pole Otis. Na Hereditary pia ni msiba mwanzo mwisho, nimependekeza bila kufikiria hilo.

Shiro_Roysa
Otis pole na asante kwa kuandika. Sasa wacha niseme yote. Tuko sita, na nyumba ni ya chumba kimoja cha kulala. Mamangu amekuja kutoka Murang'a lakini atakuwa ameenda kulala. Na mdogo wangu wa kiume, ana 22, amekuwa akienda kliniki kwa sababu ya wasiwasi tangu mwaka jana, na ni yeye ndiye ameomba Beau. Anasema ameona trela na kwamba hapo kuna mtu anaelewa.

KabatiLaMuvi
Shiro!! Hiyo ndiyo ilikuwa ianze. Mama mzazi, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na muvi ambayo mama ndiye anafanywa mkosaji mkubwa, tena kuna vitu vya chumbani na vya darini siwezi hata kuviandika hapa? Naondoa kura yangu. Si Jumamosi hii.

Mwalimu_Pangani
Mimi sikubali. Kijana amechagua mwenyewe. Tukimficha tutakuwa tunamfanyia yale Beau anafanyiwa. Itazameni nyinyi wawili mchana, mkononi mwake awe na rimoti.

Nyota_Ngong
Kuchagua kutoka kwa trela si kuchagua Mwalimu. Trela haionyeshi ile kesi ya mwisho kwenye maji, mtu anahukumiwa kwa kila kosa dogo alilowahi kumfanyia mamake na uwanja mzima unaangalia. Mgonjwa wa wasiwasi unamlaza vipi baada ya hapo?

Jirani_wa_Pipeline
Mimi huo mwisho ulinipunguzia. Niliona ile korti ya kichwani mwangu imewekwa nje nikaiangalia. Lakini kila mtu na kichwa chake.

Shiro_Roysa
Nimemsomea ya Otis. Amenyamaza kidogo halafu akaniuliza kama Otis alimaliza kuitazama.

Otis_Umoja
Mwambie nilirudi nikaimaliza baada ya mwaka, kwa vipande, siku nne. Ile simu ya wakili niliipitisha haraka.

Jirani_wa_Pipeline
Shiro na hiyo projekta ya 1,500 inakuja na spika ama unaleta yako? Na ikiwa stima za hapo Roysambu zinapotea kama za huku, uliza kama watakurudishia.