Kuuliza chuki dhidi ya Waislamu inatoka wapi, nako ni kosa?

Mleta mada (Ngarenaro): Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho chuo kimoja hapa Arusha. Tasnifu yake ilihusu vyanzo vya chuki dhidi ya Waislamu. Msimamizi kachukua kalamu nyekundu, kakata "vyanzo", kaandika "madhara". Eti kutafuta chanzo ni kumtafutia udhuru mwenye chuki. Lakini madhara tunayajua: Christchurch, Machi 15, 2019, waumini 51 waliuawa kwa shambulio la Ijumaa misikitini. Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo siku ya kupinga chuki hii. Chanzo je, kisiguswe?

Mzee wa Majengo, Moshi: Mleta mada, msimamizi usimtupe moja kwa moja. Uliza chanzo, wengi watakujibu "ni wao wenyewe", na jibu hilo litapigwa muhuri wa chuo. Mimi ni mtu wa kanzu. Mei 2013, wiki ile bomu lilipolipuka kanisani Olasiti, Arusha, nilipanda Hiace pale Kilombero. Watu wamesimama, wameinamisha shingo, kiti cha pembeni yangu kitupu hadi Usa River! Konda mwenyewe hakumwambia mtu akae. Hilo mtaliweka dodoso gani?

Mwalimu mstaafu, Sakina: Hii vita iko hata Ufaransa. Februari 2021 waziri wa elimu ya juu, Frédérique Vidal, alitaka CNRS, taasisi kubwa ya utafiti ya serikali, ichunguze wasomi aliodai wanachanganya siasa za kushoto na Uislamu. Ikamjibu kwamba neno alilotumia, "islamo-gauchisme", halina msingi wa kisayansi. Mwezi uliofuata, huko Grenoble, majina ya walimu wawili wa chuo yalibandikwa ukutani, wanaitwa mafashisti. Mmoja alikuwa amepinga neno "islamofobia", yaani chuki dhidi ya Waislamu, kuwekwa sambamba na ubaguzi wa rangi. Mtafiti anabanwa na waziri, anabanwa na mabango. Sisi hapa hata sensa haijauliza dini tangu 1967, halafu tunashangaa msimamizi kuogopa!

Mleta mada: Shikamoo mzee. Kiti chako ndicho hasa anachokitafuta binti. Waliosimama waulizwe: uliogopa nini, na nani alikwambia? Wewe hutakiwi kujibu kwa niaba yao. Kichwa kipya anatakiwa kukirudisha Ijumaa.

Mzee wa Majengo, Moshi: Marahaba. Mwambie anipigie. Ila hayo maswali niyasome kwanza.