Latke za Hanuka zinalainika: nimekosea wapi?

Swali: Ndugu zangu, kila Hanuka, sikukuu ya siku 8 ambayo sisi Wayahudi hukumbuka muujiza wa mafuta ya zeituni yaliyowasha taa ya hekaluni, mimi hukaanga latke, yaani vibapa vya viazi vilivyokwaruzwa, lakini hutoka laini na zimekunywa mafuta. Nifanyeje?

Jibu la kwanza: Tatizo ni maji. Ukishakwaruza viazi na kitunguu, vifunge katika kitambaa safi uvikamue kwa nguvu zote; maji hayo yaache yatulie dakika 10, uyamwage taratibu, kisha wanga mweupe ulioganda chini uurudishe kwenye viazi, kwani husaidia kuvishikanisha.

Jibu la pili: Naafiki kabisa. Mafuta nayo yawe ya moto sana, na usijaze kikaango.

Muulizaji: Nashukuru sana, wanga huo nilikuwa nikiumwaga.