Oman kwa gari, mara ya kwanza: gari dogo, 4x4, au mpaka Salalah?

Mama_Ngamiani
Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tunakwenda Oman Januari, siku sita, gari la kukodi. Sote tunaendesha, ila hakuna aliyewahi kushika upande wa kulia. Tunachagua kati ya: (1) gari dogo la kawaida, (2) 4x4 siku zote sita, (3) gari dogo na kwenda mpaka Salalah, kule kusini kabisa. Ipi inatufaa, na tuanzie wapi?

Lami_Tupu
Ya tatu iondoeni kabisa. Maskati hadi Salalah kupitia Nizwa na Haima ni kama kilomita 1,000, saa kumi au kumi na moja za jangwa tambarare, na kurudi ni vilevile. Siku mbili kati ya sita zimeishia kwenye usukani. Mikataba mingi ya kukodi ina kikomo cha kilomita kwa siku, mara nyingi 200 au 250, na kila inayozidi unailipia. Kubwa zaidi ni msimu: ile Salalah ya ukungu na milima ya kijani ni ya khareef, msimu wa mvua za rasharasha, takriban Juni 21 hadi Septemba 21, wakati ambao kaskazini kunaunguza. Mwenye hamu nayo apande ndege kipindi hicho na akodi gari hukohuko.

Januari ni ya mzunguko wa kaskazini: Maskati, Nizwa, Bidiyah (mji wa kuingilia jangwa la mchanga), Sur, kisha kurudi Maskati kwa barabara ya pwani. Ukijumlisha na michepuko hamfiki kilomita 1,000, na kikomo cha siku sita kinawatosha.

Fundi_Upepo
Naunga mkono mzunguko, lakini kodini 4x4. Njia ya Jebel Akhdar, mlima ulio karibu na Nizwa, ina kizuizi cha polisi pale Birkat al-Mouz. Gari dogo linarudishwa, hakuna kubembeleza. Sababu ni mteremko. Watu walikuwa wanashuka kwa breki tupu mpaka zinachemka na kanyagio linazama bila kushika. Ndiyo maana kandoni mwa barabara kuna njia za dharura za changarawe za kusimamishia gari lililokatika breki. Mkishuka, wekeni gia ya chini tangu juu kabisa, breki iguswe kwa vipindi vifupi tu.

Mchanga wa Bidiyah nao una kanuni zake. Shusheni upepo wa matairi kutoka 33 hivi hadi 15–18 psi, tairi litandazike na kuelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Msikate kona kali kwa upepo huo, tairi hutoka kwenye rimu. Msikanyage breki, achieni mafuta, gari lisimame lenyewe, pua ikitazama chini. Likinasa, ukiendelea kukanyaga mafuta unalizika mpaka tumbo liguse. Shuka, fukua mchanga mbele na nyuma ya matairi, punguza upepo hadi 12, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Na upepo urudishwe kabla ya lami, la sivyo tairi litachemka na kupasuka. Mafundi tairi wa pale mjini wanazoea kazi hiyo.

Bi_Kiponda
Fundi, umeeleza vizuri, na maelezo hayohayo ndiyo yananifanya nimwambie dada achukue gari dogo. Watu wanaojifunza upande wa kulia wasijifunze na mchanga juu yake. Kambi za Bidiyah huja kuwachukua wageni kwa gari lao. Unaacha lako mjini mahali mlipokubaliana. Jebel Akhdar kuna madereva wa 4x4 Birkat al-Mouz na Nizwa wanaopandisha wageni na kuwashusha. Mnalipia safari mbili tu badala ya kubeba gari kubwa linalokunywa mafuta siku sita.

Jambo lingine: bima ya kawaida ya kukodi mara nyingi haigusi matairi, vioo wala chini ya gari, na mikataba mingi inakataza mchanga hata kama gari ni 4x4. Ulizeni hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Fundi_Upepo
Hapo kwenye bima nimekuelewa, Bi. Basi 4x4 iwe ya siku ya mlimani pekee, kwa wanaotaka kupanda wenyewe na kulala huko juu.

Gia_ya_Tatu
Swali la kuanzia wapi: anzieni Nizwa. Uwanja wa ndege uko Seeb, na barabara ya Nizwa inaanzia upande huohuo, kwa hiyo hamwingii foleni ya katikati ya mji siku ya kwanza. Ni saa moja na nusu ya barabara pana. Mkitua Alhamisi asubuhi, Ijumaa alfajiri mko kwenye mnada wa mbuzi wa Nizwa, na mnada huo ni wa kuwahi.

Kuhusu upande wa kulia: dereva anakaa kushoto, mwili wote wa gari uko kulia kwake, na mkono uliozoea Dar unalisogeza gari kulia bila kujua mpaka tairi likwaruze ukingo. Abiria awe anatamka, "kulia kumebana." Indiketa iko mkono wa kushoto, mtawasha waipa mara nyingi. Kipilefti inazungukwa kinyume cha saa, na mwenye haki ni aliye tayari ndani, anayetokea kushoto kwenu. Hatari zaidi ni mnapotoka sheli au hotelini asubuhi na barabara ni tupu, maana hakuna gari la kukukumbusha upande.

Mwendo ni 120 barabara kuu na kamera ni nyingi. Jua la Januari linazama kabla ya saa kumi na mbili. Giza likiingia muwe mmefika, ngamia hawaonekani mpaka uwe juu yao.

Bi_Kiponda
Niongeze la maji. Mvua ikinyesha milimani, wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, hufurika huku juu yenu jua linawaka. Maji yakikatiza barabara, subirini. Kuyavuka ni kosa la jinai kule. Na Ras al-Jinz, ufukwe wa kasa karibu na Sur, msijitaabishe sana, kasa wake ni wa Juni hadi Septemba zaidi. Asubuhi hiyo ipelekeni Wadi Shab, pale Tiwi: boti ya kuvushwa, kisha mwendo wa miguu kama dakika 45 hadi mabwawa. Viatu viwe vya kulowa.

Mama_Ngamiani
Asanteni. Gari dogo, Nizwa kwanza. Akitugusa mtu barabarani?

Lami_Tupu
Pigeni 9999. Kwa gari la kukodi, hata mkwaruzo mdogo ombeni karatasi ya polisi. Bila hiyo bima inaweza kukataa kulipa. Siku ya kulichukua pigeni picha pande zote nne, rimu, na tairi la akiba.