Umio wa Barrett: je, mwanga maalumu wa kamera waondoa haja ya kukata vinyama, yaani vipande vidogo vya utando vya kupimwa maabara?

Swali (Lamu)
Assalaam aleikum. Baba yangu, aliyesumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi, alipimwa Mombasa kwa kamera ya kupitishwa kooni, akaambiwa kuwa utando wa sehemu ya chini ya umio wake umebadilika ukafanana na wa utumbo, hali iitwayo umio wa Barrett. Ripoti imeandika C2M4, na vinyama vilivyokatwa havikuonyesha dalili ya kuelekea saratani. Ametakiwa kurudi baada ya miaka 3. Je, akipimwa kwa kamera yenye mwanga maalumu, ataepushwa kukatwa vinyama vingi?

Jibu (muuguzi wa endoskopi, Malindi)
Waaleikum salaam, ndugu yangu. C2M4 maana yake ni kwamba mabadiliko yamezunguka umio wote kwa sentimita 2, na sehemu iliyopanda juu zaidi imefika sentimita 4. Mwanga uuliziao una mawimbi ya nanomita 415 na 540, ambayo damu huyanyonya sana, ndiyo sababu mishipa midogo hujitokeza na daktari akaona mahali mpangilio wake ulipovurugika. Humwelekeza pa kukata, lakini hukumu hubaki kwa maabara. Utaratibu wa Seattle, wa vinyama vinne kila sentimita 2, bado hufuatwa, kwa kuwa seli zilizoharibika huweza kujificha katika utando unaoonekana mzima. Nasisitiza jambo moja: utando uoshwe vizuri, kisha utazamwe kwa takriban dakika moja kwa kila sentimita, kwani kamera bora ikipitishwa kwa haraka haina faida. Baba naye asiache dawa za kupunguza asidi alizoandikiwa, maana uvimbe wa asidi humtatiza anayesoma vinyama.

Jibu (mchangiaji mwingine, Lamu)
Naongeza kwamba asidi ya siki iliyozimuliwa, ambayo ni rahisi kupatikana, hunyunyiziwa utando wa Barrett ukawa mweupe, na sehemu inayopoteza weupe mapema kuliko nyingine ndiyo ya kukatwa. Tusiichanganye na madini ya joto ya Lugol. Hayo hutafuta chanzo cha saratani ya seli bapa (zile za utando wa kawaida wa umio), iliyo nyingi zaidi hapa Kenya: seli nzima zenye glikojeni (akiba ya sukari) hugeuka kahawia, zenye kasoro hubaki bila rangi. Mwenye mzio wa madini hayo aseme mapema.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nitaomba nakala ya ripoti na picha zake, ili atakayempima baba safari ijayo apate cha kulinganisha.