Ardhi oevu ya Kilombero: mpango wa kijiji, sheria ndogo au vigingi vya mita 60?

Jaruba: Wakuu, habari za kazi. Niko dawati la mazingira katika halmashauri moja ya Bonde la Kilombero, Tanzania. Fedha ya mwaka huu inatosha jambo moja tu: mpango wa matumizi bora ya ardhi kwa vijiji vinavyopakana na ardhi oevu, sheria ndogo ya halmashauri, au vigingi vya kuonyesha eneo la hifadhi la mita 60 kandokando ya mto. Bosi anataka vigingi, maana mgeni akija vinaonekana. Nyie mngeanza na kipi?

FundiRamani: Vigingi, hapana. Mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004 zinafaa mto wenye kingo. Hapo kwenu masika maji yanatanda kilomita kadhaa, utapima kuanzia wapi? Ukipima kiangazi, mbuga (uwanda unaofunikwa na maji masika) wanakozaliana samaki inabaki nje ya vigingi.

Mzee wa Vikao: Mimi sheria ndogo. Nafuu, na mgambo anapata cha kusimamia. Ila mjiandae kusubiri: madiwani wakipitisha, bado idhini ya waziri.

BabaNdama: Mgambo tena! Mwaka 2012 mifugo iliondolewa bondeni kwa operesheni. Ikarudi, kwa sababu hakuna aliyesema ipite wapi na inywe wapi. Andikeni mapito kwanza, faini baadaye.

FundiRamani: @BabaNdama hapo umenena. Ndiyo maana mimi niko upande wa mpango wa matumizi ya ardhi, lakini si wa kijiji kimojakimoja. Mbuga moja inaguswa na vijiji vinne. Kimoja kikitenga malisho na jirani akalima mpunga palepale, mmepoteza posho na mafuta bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu makubaliano ya pamoja. Tumieni hiyo.

MtoTana: Nakubali, nikiwa huku Kenya. Delta ya Tana ilipangwa kama delta nzima, kwa sababu mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma wanategemea maji yaleyale. Mapigano ya 2012 yalikuwa yametuonyesha gharama ya kutoelewana.

Jaruba: Vijiji vinne pesa haitoshi, kaka.

FundiRamani: Anza na viwili vyenye ugomvi wa mpaka. Na sheria ndogo huikosi: kila kijiji kinatunga yake kulingana na mpango, halmashauri yenu inaidhinisha. Ukiandika andiko la kuomba nyongeza, taja kwamba bonde ni eneo la Ramsar (ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu 2002 na kwamba Kilombero ndiyo inayoupa mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yanayofika Bwawa la umeme la Nyerere. Wakubwa husikia umeme haraka kuliko sheshe, yule swala wa bondeni.

Mzee wa Vikao: Haya, nimesalimu amri nusu. Ila mkutano mkuu wa kijiji wa kupitisha mpango usiitishwe masika, watu wako kwenye madungu wanalinda mpunga na akidi haitatimia. Subirini mavuno yaishe, Septemba hivi.