Nani aliwatuma wamuongeleshe yule paka mwishoni mwa Kiki???

Wakuu mi nimevurugwa. Juzi nimekaa na binti yangu tunaangalia Kiki's Delivery Service ya Kiingereza, ile katuni ya binti mchawi Kiki na paka wake Jiji anayeongea naye, nikamuahidi kabisa tulia mwanangu, Jiji ataongea tena mwishoni, si nimeshaiona mara mia. Tumefika mwisho, paka karuka begani kwa Kiki, binti kaachama anasubiri... nyau. Basi. Muvi imeisha. Nimeonekana baba muongo.

Nikajua nimeuziwa DVD feki. Kumbe feki nimelishwa mimi miaka yote!!

Kwa wasioijua, ni kazi ya Hayao Miyazaki, Japani ilitoka 1989. Kwenye Kijapani Kiki akishaacha kumuelewa paka ndo imetoka hiyo, hata baada ya kuanza kuruka tena na ufagio hamuelewi, yaani katoto kameshakua. Muvi yenyewe iko hapo! Sasa Disney wamekuja kuingiza sauti 1998, Jiji wakampa Phil Hartman (apumzike, alifariki mwaka huohuo), jamaa anachekesha sikatai, ila kila paka akinyamaza kwa Kijapani huyu anachomekea porojo, hadi pale mwisho kabisa wakamtia maneno mdomoni anamuuliza Kiki kama anamsikia. Nani aliwaomba?? Nimekaa miaka yote najua mambo yalirudi kama zamani kumbe hayakurudi.

Na hawakuishia hapo, nyimbo za Yumi Arai wakang'oa wakaweka za kwao, sehemu zilizotulia wakamwagia muziki, kahawa ikageuzwa chokoleti ya moto, nadhani waliona mtoto wa miaka 13 asinywe kahawa lol, huku kwetu anaishushia na kashata na hakuna aliyekufa. Halafu msiniambie Kiingereza hakikuwepo, kampuni ya Streamline ya Marekani walishaingiza sauti zao mapema tu kwa ajili ya abiria wa ndege za Japan Airlines.

2010 ikaja DVD nyingine, Kiki ni Kirsten Dunst yuleyule, Jiji ni Hartman yuleyule, ila porojo nyingi zimekatwa na nyimbo za Kijapani zimerudi. Sawa, wamejirekebisha, lakini jina lilelile, mnunuzi utajuaje unabeba ipi? Wangeandika hata kakaratasi kwamba hii paka haongei. Enzi zetu kwenye kibanda cha video kina Lufufu, wale watafsiri wa muvi kwa Kiswahili, walikuwa wanaongeza chumvi mpaka basi, ila kila mtu alijua anayeongea ni Lufufu, hakuna aliyetoka pale akidhani ni Bruce Lee.

Yaani ukifikiria, 1998 mpaka 2010 ni miaka 12 ya watu kupewa mwisho wa uongo. Na ile kopi yangu ya zamani nilimuazima jirani akahama nayo, kwa hiyo hata ushahidi sina, nyumbani wananiona nimetunga.

Jana usiku binti kaniuliza, baba, kwa hiyo Jiji hataongea tena kabisa? Nikamwambia kalale.