Tuta la maua limegeuka kichaka

Muulizaji: Assalamu alaykum. Tuta lililo mbele ya nyumba yetu huku Makunduchi, ambako udongo ni haba juu ya jiwe la matumbawe, limesongamana: mishubiri imebanana na bogenvilia imeziba dirisha. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Waalaykumu salaam. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya masika ya Machi, punguza bogenvilia, kwani maua yake hutoka kwenye matawi mapya. Mishubiri ing'oe, utenge machipukizi, uyaweke kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ndipo uyapande kwa nafasi. Yakipandwa mabichi huoza.

Jibu la pili: Naongeza kwamba samadi isizidi, kwa kuwa bogenvilia iliyoshiba hutoa majani matupu. Vaa glavu, miiba ile haina huruma.